Jinsi ya kuanzisha na kupanua vituo vya kuchaji bajaji na pikipiki za umeme Mbeya: mwongozo kamili

Vikundi vingi vinakwama palepale. Wanachama wanachanga, wanaagiza mashine nzuri ya kuchaji, wanaifunga ukutani, na baada ya miezi michache imezimwa. Ama umeme wa mtaa hautoshi, ama madereva hawapiti eneo hilo, ama bei ilipangwa kwa kukisia na hela ya LUKU hairudi. Mashine yenyewe mara nyingi ni nzima. Kosa ni kwamba ilinunuliwa mwanzo wakati ilipaswa kuwa kitu cha mwisho kununuliwa.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha vijana, chama cha madereva, mwenye yadi ya kulaza vyombo, na ofisa wa kata au wa jiji anayetaka huduma hii ifike Uyole, Iyunga na hata Mbalizi badala ya kuishia katikati ya mji. Nimejikita kwenye bajaji na pikipiki kwa sababu ndizo zinazowabeba watu wa Mbeya kila siku. Magari yana sehemu yake fupi huko mbele.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mji kama huu unahitaji soketi nyingi za kuchaji taratibu, zilizofungwa pale vyombo vinapolala. Bajaji inayolala kwa muda wa saa nane haina haja ya mashine ya kuijaza kwa nusu saa.

Vitu vya kuandaa

- Daftari na kalamu, na mtu wa kukesha nawe siku kadhaa.
- Mita ya fundi ya kupima volti, na ile ya kubana waya kupima ampia. Kama huna, fundi wako anazo.
- Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Aioneshe, isiwe ya kusimuliwa.
- Risiti za LUKU za eneo husika za miezi mitatu.
- Mkataba wa eneo, au hati.
- TIN, usajili wa kikundi au wa jina la biashara, na leseni ya biashara ya halmashauri.
- Vifaa vya umeme: kisanduku cha breka, breka za ampia 16, RCD za miliampia 30 (vifaa vinavyokata umeme unapovuja), kinga ya radi, nyaya, fimbo za ethi (za kupeleka ardhini umeme unaovuja), soketi za viwandani za ampia 16 (zile za bluu za pini tatu ambazo wachomeleaji wanazitumia), na mita ndogo kama wanazofungiwa wapangaji.
- Mitungi ya kuzimia moto, ndoo za mchanga na bomba la maji.

Usinunue vifaa vya umeme kabla ya kumaliza hatua ya tatu. Hapo ndipo utakapojua vingapi na vya ukubwa gani.

Hatua ya 1: Hesabu vyombo vinapolala

Zunguka kati ya saa tatu na saa tano usiku. Nenda Kabwe, Mwanjelwa, Soweto, Mafiati, Sae, Nanenane, Uyole. Usihesabu vyombo vilivyo kijiweni mchana, kwa sababu vile viko kazini. Hesabu vilivyolazwa: yadi zenye mlinzi, nyuma ya maduka, kwenye nyumba za wenye bajaji.

Kwa kila eneo andika mambo manne: vyombo vingapi, vingapi ni vya umeme, vinaingia saa ngapi, na vinatoka saa ngapi. Waulize madereva swali moja la ziada: chombo ni chako au cha tajiri? Dereva wa hesabu hana mamlaka ya kuamua chombo kilale wapi, kwa hiyo mazungumzo yako yatakuwa na tajiri.

Sababu ya hatua hii ni rahisi. Dereva aliyemaliza saa tatu usiku, na hesabu yake bado hajaipeleka, hataendesha kilomita tano nyingine kutafuta chaji halafu apande bodaboda kurudi nyumbani. Atachaji kwa eksitensheni dirishani, na huko ndiko ajali zinakoanzia.

Umefaulu ukiwa na eneo moja lenye angalau vyombo vitano vya umeme vinavyolala ndani ya mwendo wa dakika tano kwa miguu. Chini ya hapo, ongea kwanza na matajiri wanaofikiria kuhamia umeme, na uwe na majina yao mkononi kabla ya kutumia shilingi.

Hatua ya 2: Pima umeme wa jioni

Pima volti kwenye eneo ulilochagua kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu usiku, siku za kazi na Jumapili. Saa hizo majiko, pasi na televisheni vyote vinawaka, na mafundi wa kuchomelea wengine bado hawajafunga. Volti 230 za saa nne asubuhi hazikuambii kitu.

Kwa kazi hii, ukiona volti zinashuka chini ya 207, yaani asilimia 10 chini ya 230, simama. Chaja nyingi zitaendelea kufanya kazi kwa kuvuta ampia zaidi, nyaya zitachemka, na majirani watakuja kulalamika kwamba tangu mfike taa zao zinafifia. Watakuwa na haki.

Nenda ofisi ya TANESCO ukaulize transfoma inayolisha mtaa huo ina kVA ngapi (kipimo cha mzigo inaoweza kubeba) na imebeba mzigo kiasi gani. Uliza kwa maandishi, ukitaja kilowati unazotarajia. Mtaa uliojaa unaweza kuhitaji transfoma nyingine, na hilo ni bora ulijue kabla ya kumlipa mwenye eneo kodi ya mwaka.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mzigo

Hapa ndipo wengi wanaporuka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua bajaji yenye betri ya kilowati-saa 7 (kilowati-saa moja ni uniti moja ya LUKU). Ikirudi na asilimia 20, inahitaji kilowati-saa 5.6. Chaja hupoteza sehemu ya umeme kama joto, hivyo mita itasoma kama uniti 6.4. Pikipiki yenye betri ya volti 72 na ampia-saa 40 ina kama uniti 2.9 tu ikiwa tupu kabisa.

Sasa tuseme kila chaja ya bajaji inavuta kilowati 1.2 ukutani. Uniti 6.4 zitaingia kwa saa tano na dakika ishirini. Dereva akichomeka saa tatu usiku, amemaliza kabla ya saa tisa, na alfajiri yuko barabarani.

Bajaji nane kwa pamoja ni kilowati 9.6. Gawa kwa volti 230, unapata karibu ampia 42. Kama breka kuu yako ni ya ampia 60, usiizidishe asilimia 80 kwa mzigo unaodumu saa nyingi, yaani ampia 48. Nane zinaingia, na taa za yadi pia. Lakini zikiwa 12, unafika kama ampia 63. Hapo umeme wa njia moja (single phase) umekushinda. Unaomba njia tatu (three phase), na unagawa vyombo sawasawa kwenye kila njia.

Usijidanganye na zamu mbili za usiku. Ukianza zamu ya pili saa tisa, itakwisha baada ya saa mbili asubuhi, na abiria wa kwenda sokoni walishaondoka kitambo.

Kuhusu umbali, msiamini karatasi ya muuzaji. Mbeya iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,700 na barabara zake zinapanda na kushuka. Bajaji iliyobeba watu wanne na gunia la viazi kupanda kutoka Mwanjelwa kwenda mjini inakula betri tofauti kabisa na ile iliyojaribiwa kwenye tambarare. Pima yenu: andika asilimia asubuhi, andika jioni, andika kilomita. Wiki moja inatosha.

Umefaulu ukiwa na namba tatu zilizoandikwa: uniti kwa usiku, kilowati za juu kabisa kwa wakati mmoja, na ampia kwa kila njia. Hizo tatu ndizo fundi na TANESCO watakazoziuliza.

Hatua ya 4: Eneo na karatasi

Usijenge kwenye hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu ya TANZAM, hifadhi ni mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande, na iko chini ya TANROADS. Mitaa ya ndani iko chini ya TARURA. Eneo linalopendeza mbele ya barabara huwa ndilo linalokuja kuwekewa alama ya X.

Eneo zuri kuliko yote ni yadi ambayo tayari inalaza vyombo. Ina mlinzi, ina lango, na madereva wameizoea. Mwenye yadi aingie kama mbia ikiwezekana, kwa sababu mkataba wa kupanga peke yake humpa nafasi ya kuwatoa biashara ikichangamka.

Maombi ya umeme yanapitia mfumo wa NIKONEKT au ofisi ya TANESCO, yakiwa na mchoro wa fundi mwenye leseni. Omba mita ya biashara inayojitegemea. Mita ya nyumbani ya kundi la D1 ina bei nafuu kwa uniti 75 za mwezi tu. Bajaji moja kwa siku 26 inakula uniti 166. Mtakuwa mnalipia bei ya juu ya D1 na pia kuvuruga matumizi ya familia ya mwenye nyumba.

Mkaguzi wa Zimamoto aje kabla ya kufungua. Na kabla ya kubandika bei, andika barua kwa EWURA kueleza huduma mnayotoa na jinsi mnavyotoza, na utunze jibu lao kwenye faili.

Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu viulizie mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4, 4 na 2. Andiko la mradi lenye hesabu za hatua ya tatu lina uzito kuliko lenye picha za mashine.

Hatua ya 5: Waya, breka na ethi

Kila soketi iwe na waya wake wa peke yake kutoka kwenye kisanduku, breka yake ya ampia 16 na RCD yake ya miliampia 30. Ukiziunga soketi nne kwenye breka moja, chaja moja mbovu itazima vyombo vinne saa saba usiku, na asubuhi madereva wanne wana nusu betri.

Waya wa milimita za mraba 2.5 unatosha kwa umbali mfupi, mita 20 hivi. Zaidi ya hapo tumia wa milimita za mraba 4. Waya mkuu kutoka mita hadi kisanduku fundi aupime kwa ampia zote na umbali, asikadirie kwa macho.

Soketi za kawaida za nyumbani za ampia 13 hazikutengenezwa kubeba mzigo mzito kwa muda wa saa sita kila usiku. Ukitaka kujua hali yake, itazame kwa karibu: pembeni ya tundu la chini kulia, ambako umeme unaingia, plastiki inaanza kubadilika kuwa kahawia. Halafu inakuja harufu inayofanana na samaki aliyeoza, hata kama hakuna moshi. Ukisikia harufu hiyo, zima breka kwanza, maswali baadaye. Ndiyo maana nimesema soketi za bluu. Fundi abadilishe plagi za chaja ziendane nazo. Adapta za kuunganishia ni marufuku kituoni.

Ethi ni uhai wa mtu. Chaja nyingi za bei rahisi zinakuja na plagi ya pini mbili, na mwili wa chombo unaweza kuwa na umeme bila mtu kujua mpaka mvua inyeshe na dereva akanyage maji akiwa peku. Chaja isiyo na waya wa ethi isipokelewe. Fimbo ya ethi izamishwe kwenye udongo wenye unyevu, ipimwe kwa kifaa, na lengo liwe chini ya omu 10. Kiangazi cha Septemba na Oktoba udongo hukauka na kipimo hupanda, hivyo pimeni tena miezi hiyo.

Kinga ya radi ifungwe kwenye kisanduku kikuu. Mvua za huku, kuanzia Novemba hadi Aprili, zinakuja na radi kali, na pigo moja linaweza kuunguza chaja zote zilizochomekwa.

Umefaulu ikiwa: fundi akibonyeza kitufe cha kujaribu RCD, kila moja inakata papo hapo, vyombo vyote vikichomekwa kwa pamoja, volti hazishuki chini ya 207, na baada ya saa moja unaweza kushika kila plagi bila kutoa mkono.

Hatua ya 6: Banda, mvua na moto

Paa la bati, sakafu ya zege iliyoinuliwa, soketi mita moja kutoka chini zikiwa na vifuniko. Kuta za mabanzi hapana. Huu ni mji uliokwisha kuona masoko ya Mwanjelwa na Sido yakiteketea, hakuna haja ya kuongeza kuni karibu na betri.

Acha nafasi ya mita moja na nusu kati ya chombo na chombo. Betri iliyovimba, iliyopasuka, iliyozama kwenye maji au inayonuka isichajiwe kabisa, hata mwenyewe akibembeleza. Mlinzi apewe mamlaka ya kukataa, na uongozi umuunge mkono siku ya kwanza atakapogombana na mtu.

Betri ya lithiamu ikishika moto: kata umeme wote kwenye breka kuu, ondoa watu, piga 114. Unga wa mtungi unasaidia kuzima moto wa waya na vitu vya jirani, lakini betri yenyewe inahitaji maji mengi ya kuipoza, na inaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa. Moshi wake ni sumu. Asitokee shujaa wa kuikumbatia na kuitoa nje.

Baridi nayo ina taratibu zake. Chombo kilichotoka kupanda milima kipumzike kama nusu saa kabla ya kuchomekwa, betri ipoe. Lakini kisiachwe hadi alfajiri. Mbeya mjini Juni na Julai baridi ni kali bila kufika kuganda. Kwa wenzetu wa Makete na Kitulo, ambako sakitu huanguka, betri ya lithiamu isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0, kwa sababu inaharibika ndani bila kuonesha dalili. Huko ichajiwe usiku ule ule ikiwa bado na joto la kazi, ndani ya banda lililozibwa upepo.

Hatua ya 7: Panga bei kwa uniti

Acheni bei ya "chaji moja". Aliyerudi na asilimia 60 anamlipia aliyerudi na asilimia 5, na baada ya mwezi mteja wako mzuri amehama. Mita ndogo kwenye kila soketi inamaliza ugomvi huo.

Anza na bei ya umeme kwenye risiti. Kwa mteja wa T1, yaani kundi la matumizi ya kawaida kama biashara ndogo, bei iliyopangwa na EWURA mwaka 2016 ni shilingi 292 kwa uniti, na ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1 inafika kama shilingi 356. Tumia risiti yako ya sasa, na usipige hesabu kwa ununuzi wa kwanza wa mwezi, maana huo hukatwa kodi ya jengo.

Kisha ongeza gharama nyingine. Kwa mfano, bajaji 10 zinakula uniti 64 kwa usiku. Tuseme mlinzi, kodi ya eneo na akiba ya matengenezo ni shilingi 20,000 kwa usiku. Gawa kwa 64, unapata kama 312. Jumlisha na 356, ni 668. Ukiuza uniti 700, dereva analipa kama shilingi 4,500 kwa usiku na kituo hakidaiwi na mtu. Zikija bajaji tano tu, gharama zile zile zinagawanywa kwa uniti 32, na bei inapaswa kuzidi 980. Kwa hiyo idadi ya vyombo ndiyo inayoshusha bei, na hatua ya kwanza ndiyo iliyokupa idadi.

Mwekee dereva mlinganisho ukutani: bei elekezi ya petroli ya Mbeya ambayo EWURA huitangaza kila mwezi, kando ya bei yenu ya uniti.

Tahadhari: matumizi yakizidi uniti 7,500 kwa mwezi, sawa na kama bajaji 45, mnaingia kundi la T2, ambako mnalipia pia kVA za juu kabisa mlizovuta. Siku moja ya kuwasha vyote kwa wakati mmoja inaweza kuwapandishia bili ya mwezi mzima. Hapo pangeni zamu za kuanza.

Magari, kwa ufupi

Gari la umeme lililotoka Japani mara nyingi lina tundu la CHAdeMO kwa chaji ya haraka na Type 1 kwa ya kawaida. La soko la Ulaya lina Type 2 na CCS2. La soko la ndani la China lina GB/T. Usiagize mashine kabla ya kuona matundu ya magari yaliyopo mjini kwako.

Mashine ya haraka ya kilowati 50 inavuta zaidi ya ampia 70 kwenye kila njia ya umeme wa njia tatu, na pengine inataka transfoma yake. Kwa hoteli na ofisi, mashine ya kilowati 7 inayotumia ampia 32 inatosha kwa mgeni anayelala. Ya haraka iwe kando ya barabara kuu, kwa wanaopita kwenda Tunduma au Iringa.

Hatua ya 8: Majaribio ya mwezi mmoja

Fungua na soketi nusu. Kila usiku mlinzi aandike: namba ya chombo, saa ya kuingia, uniti, fedha, na tatizo lolote. Kila asubuhi linganisheni jumla ya mita ndogo na mita ya LUKU. Tofauti ikizidi asilimia tano, kuna umeme unaovuja au mkono unaochomeka bila kuandika.

LUKU iwe na akiba ya usiku mbili wakati wote. Kituo kilichoishiwa uniti saa nane usiku kinapoteza madereva ambao hawatarudi. Paneli za jua mtazifikiria baadaye, na kwa chaji ya mchana tu. Vyombo vinachaji usiku, na kuhifadhi umeme wa jua kwa usiku kunahitaji betri nyingine za gharama kubwa.

Hatua ya 9: Sehemu ya jiji na kata

Halmashauri haina haja ya kumiliki vituo. Kuna mambo machache ambayo ni yenyewe tu inaweza kuyafanya, na hayahitaji fedha nyingi: kutenga sehemu ya kulaza vyombo vya umeme kwenye stendi na masoko; kudai kila jengo jipya la biashara liache bomba la kupitishia waya hadi maegesho, kwani kuvunja zege baadaye ni ghali mara nyingi zaidi; na kukaa meza moja na TANESCO kila robo mwaka ikiwa na orodha ya kata zenye maombi, ili transfoma zipangwe kwa pamoja. Kila kikundi kikienda peke yake kinaambiwa mtaa umejaa, na hakuna anayeona kwamba ni mitaa sita ya kata moja.

Sharti moja nalisisitiza: kituo kinachopewa eneo la umma kipokee chombo cha kampuni yoyote. Kampuni ikifunga soketi zake kwa pikipiki zake tu, wengine wote wanarudi kwenye eksitensheni ya dirishani.

Soketi zenu zikijaa zaidi ya robo tatu kabla ya saa nne usiku kwa wiki tatu mfululizo, msiongeze nyingine palepale. Chukueni daftari la mlinzi, angalieni wateja wanatoka mtaa gani, na mwende mkaanze hatua ya kwanza huko. Nakala ya daftari hilo muiambatanishe kwenye barua ya TANESCO na kwenye andiko la mkopo.